Mlango Hausemi Uongo: Chuma, Barabara na Magari ya Ngara na Biharamulo

Leo siasa nimeiweka pembeni. Nataka tuzungumze juu ya milango ya magari.

Msicheke kwanza. Kama umewahi kupanda mchomoko kutoka Nyakanazi kwenda Biharamulo mjini, au kutoka Benaco kwenda Ngara, bila shaka umewahi kuambiwa na dereva: "Anko, nyanyua kwanza ndiyo ufunge." Unaushika mlango kwa mikono miwili, unaunyanyua kidogo, unausukuma, unaitika. Safari inaanza. Abiria wengi hudhani kitasa kimechakaa. Mara nyingi kitasa hakina kosa lolote. Kilichochoka ni gari lenyewe. Uti wa mgongo wake umeinama katikati, na mlango ndio wa kwanza kutoa taarifa.

Kazi ya gazeti imenipeleka katika wilaya hizi mbili za Kagera mara kadhaa, na kusubiri usafiri kumenikalisha sana juu ya matairi mabovu ya gereji bubu za huko. Huku nasubiri, naangalia mafundi wakiwa wamelala chali chini ya magari ya zamani, wakichomelea vyuma. Nikaanza kuuliza maswali. Nilichokipata ni hiki: ukiuliza kwa nini milango ya magari ya Ngara na Biharamulo imelegea, jibu la fundi linaanza na kutu, lakini halichelewi kufika kwenye Vita vya Kagera, daraja la Rusumo na mwaka 1994. Magari haya hayakuzeeka tu. Yalibebeshwa historia ambayo hayakutengenezwa kuibeba.

Kwanza, mlango unalegeaje?

Tuanze na ufundi kidogo, maana bila huo historia yenyewe haitaeleweka.

Chukua Land Rover, gari ambalo kizazi cha babu zetu kilidhani ndilo jina la magari yote ya porini. Lilizinduliwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado na njaa ya chuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Chuma kilikuwa cha mgawo, alumini ilikuwepo. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini, na chesisi ikatengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa kingo kwa kingo mpaka yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Yaani fundi wa Ngara anapochomelea chesisi ya Land Rover hafanyi jambo geni kwa gari hilo. Lilizaliwa kwa kuchomelewa.

Uwazi ule wa ndani ndio ugonjwa wake. Tope linaingia kwenye matundu, linaganda humo, linashika maji. Na Kagera, kama mnavyojua, mvua haina haya. Kutu inaanza ndani ikija nje. Siku unapoiona kwa macho, unene wa chuma umeshaliwa. Sehemu inayowahi kuoza ni ile mikono ya pembeni inayotoka kwenye chesisi kwenda kushikilia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Sasa, bawaba za milango ya mbele zimefungwa kwenye ukuta huo huo. Mkono ukioza, ukuta unashuka. Ukuta ukishuka, mlango unashuka nao. Utabadili bawaba mara kumi, mlango utarudi pale pale.

Magari madogo ya leo, hizi Probox, Corolla za mgongo mrefu na Noah, hayana chesisi ya namna hiyo. Bodi nzima ndiyo chesisi. Nguvu yake ipo kwenye sakafu, kwenye nguzo za milango, na hasa kwenye vizingiti, yale maboksi marefu yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kizingiti kikioza, gari linainama tumboni kama ubao uliobebeshwa matofali. Nguzo za milango zinasogeleana juu na kuachana chini. Mlango ambao umbo lake halijabadilika unajikuta kwenye fremu iliyopinda. Hapo ndipo unapoambiwa unyanyue kwanza.

Mkoa uliojua chuma kabla ya gari

Kuna dhana hapa mjini kwamba ufundi wa kuchomelea vyuma huko mikoani ni kubahatisha tu, kwamba watu waliletewa chuma na Mzungu na wanahangaika nacho. Kwa Kagera dhana hiyo ina shida kubwa.

Katuruka, eneo la Maruku karibu na Bukoba, wanaakiolojia walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao baada ya kuwaomba wazee wa Kihaya wawaoneshe jinsi chuma kilivyoyeyushwa. Walieleza kuwa tanuri hizo zilifikia joto la juu sana, na kwamba hewa ya mivukuto ilikuwa ikipata joto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika kwenye moto. Wataalamu wamebishana juu ya maelezo hayo, lakini hakuna anayebisha kwamba watu wa hapa walijua kazi yao.

Na si Wahaya peke yao. Upande wa Biharamulo na Geita, katika nchi ya Uzinza, walikuwepo Warongo, wafua chuma waliohama na tanuri zao kufuata mawe yenye chuma na misitu yenye miti ya mkaa. Majembe ya Uzinza yalisafiri mbali, hadi Usukuma na Unyamwezi, yakiuzwa na kutolewa mahari. John Hanning Speke alipopita Usui mwaka 1861, eneo ambalo leo tungelitafuta Biharamulo na jirani zake, alimkuta mtawala Suwarora akitoza misafara hongo ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzungu alilalamika sana kwenye maandishi yake. Lakini tukubaliane, ushuru wa barabara si jambo lililoanza juzi.

Kisha majembe ya viwandani yakaja kutoka Ulaya, yakiwa ya bei rahisi, na mivukuto ikazimika. Sidai kwamba fundi wa leo wa Nyakanazi ni mjukuu wa Mrongo. Pengine ni Msukuma aliyekuja kutafuta maisha, au Mhangaza aliyejifunzia Mwanza. Ninachosema ni kwamba mkono wa kufanya kazi na chuma hapa si wa kuazima. Kilichobadilika ni kwamba sasa chuma kinakuja tayari, kimechoka, na kina matairi manne.

Kiraka cha kwanza: vita na njaa ya spea

Kwenye gereji moja ya Ngara mjini niliwahi kulala chali chini ya Land Rover 109, ile ndefu. Fundi mwenyewe ni mzee aliyepita miaka sitini, ambaye baada ya kumwamkia shikamoo aliniambia nivue shati kama sitaki kuliharibu. Akamulika kwa tochi na kunionesha viraka vitatu juu ya chesisi moja. Kila kimoja kilikuwa na chuma cha aina yake na mshono wa aina yake. Kwangu ilikuwa kama kusoma maktaba.

Kiraka cha kwanza kilikuwa chembamba, cha bati la pipa la mafuta, kimeungwa kwa moto wa gesi na shaba. Hicho, akasema, ni cha miaka ya 1980.

Tukumbushane. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilipojibu, jeshi halikuwa na magari ya kutosha kusafirisha maelfu ya askari na vifaa vyao hadi mpakani, kwa hiyo malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya, Kagera. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Mikanda ilifungwa zaidi ya hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979, vita ikala fedha za kigeni. Spea za magari zinaagizwa kwa fedha za kigeni. Kama fedha hizo hazipo, huna shokomzoba, huna bawaba, huna chesisi mpya. Wilaya iliyo zaidi ya kilometa 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam ndiyo inayopata mwisho, na mara nyingi inapata hewa.

Hapo ndipo fundi akawa kiwanda. Land Rover mbili mbovu zinachinjwa ili moja itembee. Mkono wa chesisi uliooza unakatwa na kuundwa upya kwa chochote kilichopo. Umeme wa kuchomelea ulikuwa wa shida, maana kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo hazikuwa kwenye gridi ya taifa. Wakatumia gesi ya mawe ya kabaidi, yale yanayofoka yakiguswa na maji. Mtungi wa oksijeni ukiisha, kazi inalala mpaka gari liende Mwanza na kurudi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, na spea zikaanza kuonekana taratibu. Lakini somo lilikuwa limeshaingia: gari halifi mpaka fundi aseme limekufa.

Kiraka cha pili: mwaka 1994

Kiraka cha pili kilikuwa tofauti kabisa. Bamba nene, safi, limekatwa kwa kipimo, mshono wa umeme umenyooka kama wa cherehani. Mzee akatabasamu. Akasema, "Hiki nilikipiga mimi mwenyewe, mwanangu, enzi za wakimbizi."

Sisi tuliozaliwa baadaye tunalisikia jina la Benaco kama kituo cha kunywa chai. Jina lenyewe limetokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Miaka ya 1980 barabara ya kutoka Isaka, kwenye reli, kupitia Kahama, Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo ilipata lami, ili mizigo ya Rwanda na Burundi ipite kwetu. Wajenzi wakaondoka, wakaacha jina na bwawa.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi halikuwa limewahi kuona watu wengi hivyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Nyuma yao mauaji ya kimbari yalikuwa yanaendelea, na mto Kagera ulikuwa unabeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wengi wa waliovuka walikuwa raia wa kawaida waliochoka na kuogopa. Miongoni mwao walikuwepo pia walioua. Ngara ikawapokea wote pamoja, kabla ya mtu yeyote kuweza kuwatenganisha. Kabla yao walikuwa wameshafika Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kufikia mwaka 1996 kambi za Benaco, Lumasi, Musuhura, Kitali, Lukole na nyingine zilikuwa na zaidi ya wakimbizi 400,000 katika wilaya ambayo wenyeji wake hawakuwa wengi kama hao.

Piga hesabu ndogo ya kifundi. Watu 250,000, kila mmoja akipewa nusu kilo tu ya chakula kwa siku, ni tani 125. Hayo ni malori zaidi ya manne ya tani 30, kila siku, bila Jumapili. Ongeza maji, mahema, kuni na dawa. Barabara iliyojengwa kupitisha mizigo ya nchi jirani ikageuka mshipa wa jiji lililoota kwa usiku mmoja, na kila gari lililoweza kutembea lilipata kazi. Land Rover zilizokuwa zimeegeshwa kwenye magofu ya ushirika zilifufuliwa. Pikapu za tani moja zilibeba tani mbili. Chesisi zilipasuka.

Lakini mashirika ya misaada hayakuleta chakula peke yake. Yalileta pia karakana zenye majenereta, mashine za kuchomelea, vijiti vizuri vya kuchomelea na, muhimu kuliko vyote, taratibu. Vijana wa Ngara na Biharamulo waliajiriwa humo kama wasaidizi, madereva, walinzi na mafundi. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Anasema huko ndiko alikofundishwa kwamba kuchomelea ni kazi ya mwisho, na kwamba kazi ya kwanza ni kupima. Nitarudi kwenye hilo.

Desemba 1996 serikali na Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Karibu nusu milioni walirudi, wengine kwa hiari na wengine wakiwa na askari nyuma yao. Warundi wa Lukole walibaki hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008. Mashirika yakafunga ofisi, na kama ilivyo kawaida ya miradi inapoisha, magari yaliyochoka yakaenda mnadani. Magari yaliyokimbizwa miaka miwili mitatu kwenye barabara mbovu, yakiwa yamejazwa kila siku, yakawa mali ya wafanyabiashara wadogo. Waliyanunua kwa bei ya kutupa, na waliyapeleka kwa wale wale mafundi waliojifunza kwenye karakana za misaada.

Kiraka cha tatu: enzi za mchomoko

Kiraka cha tatu kilikuwa kipande cha bomba la mraba la dukani. Kimechomelewa haraka haraka, mshono umejaa mapovu. Hiki mzee hakukitaja kwa fahari. Akasema tu, "Hicho si changu."

Miaka ya 2000 ilikuja na magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi na ya bei nafuu. Ilikuja pia na majambazi wa barabarani. Mnaokumbuka mabasi ya Bukoba kusindikizwa na polisi wenye silaha kwenye mapori ya Biharamulo mnajua nasema nini. Dereva mwenye hofu ya kutekwa hapunguzi mwendo kwenye shimo. Analipiga shimo na kusonga. Wakati huo lami ya Lusahunga hadi Rusumo, kilometa 92, ilikuwa inaliwa na malori ya masafa marefu mpaka ikabaki visiwa. Kuijenga upya kulisubiri miaka ya 2020.

Juu ya barabara hizo tukapitisha gari kama Probox. Ile ya mizigo ilitengenezwa Japani kwa kazi za ofisi na maduka ya mjini, ikiwa na uwezo wa kubeba kama kilo 400 za mzigo na watu wawili. Huku kwetu inabeba wanne mbele, watano nyuma, watoto wa kupakatwa, na mkungu wa ndizi juu. Shimo moja kwa mwendo wa kasi linazidisha uzito huo mara kadhaa kwa sekunde moja. Rudia hivyo kila siku kwa miaka mitano, na vizingiti vimeshika tope. Kizingiti kinapasuka, mlango unalegea, dereva anapeleka gari gereji asubuhi na anataka liwe barabarani mchana, maana tajiri anataka hesabu yake jioni.

Hapo ndipo panapozaliwa mshono wenye mapovu.

Jinsi kazi inavyotakiwa kufanywa

Mzee alinieleza taratibu zake, na nikaja kuzilinganisha na za mafundi wengine wawili wa Biharamulo. Walikubaliana karibu katika yote.

Kwanza, fungua mlango nusu, ushike kwenye ncha, unyanyue. Ukicheza juu na chini, ugonjwa ni bawaba, na hakuna haja ya kuchomelea kitu. Usipocheza, lakini bado haukai kwenye fremu, ingia chini. Weka jeki katikati ya kizingiti, nyanyua taratibu, huku mwenzako akiangalia uwazi kati ya mlango na nguzo. Uwazi ukibadilika, gari limevunjika mgongo. Hakuna kitasa kitakachosaidia.

Pili, usichomelee gari likiwa limeinama. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukichomelea chuma chini ya gari lililoinama, umelifungia kilema chake maisha. Gari linawekwa mahali sawa, jeki na magogo yanalirudisha taratibu mpaka milango yote ifunge kwa kidole, ndipo vyuma vinapimwa. Kwa gari lenye chesisi, unavuta kamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Kamba mbili zisipolingana, chesisi imekwenda upande. Milango inabaki imefungwa wakati wa kazi, ili yenyewe iwe ndiyo kipimo.

Tatu, kutu haifunikwi. Inagongwa kwa nyundo mpaka chuma kizima kilie. Chuma kizima kinalia kengele, kilichooza kinalia debe. Kilichooza kinakatwa chote. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu kinashikilia kutu, hakishikilii gari.

Nne, na hapa ndipo nilipoelewa kwamba hii ni elimu, kiraka kikiwa kigumu kupita kiasi kinahamisha ufa. Gari linatakiwa kunesa kidogo mwili mzima. Ukiweka chuma kinene cha engo katikati, pale katikati hapatanesa tena. Nguvu yote inakusanyika mwisho wa chuma hicho, na ufa mpya utatokea hapo hapo, sentimeta mbili kutoka kwenye mshono. Ndiyo maana bamba zuri la kuimarisha chesisi linakatwa ncha zake kama mkuki au kama almasi, si mraba, ili mzigo uingie polepole. Na mshono hauvuki chesisi moja kwa moja kama msumeno, maana moto wa kuchomelea unabadilisha chuma kilicho jirani na kukifanya dhaifu kuliko kilivyokuwa.

Tano, betri inatolewa, tangi la mafuta linashushwa, na mshono unapozwa wenyewe. Haumwagiwi maji. Kisha rangi na grisi, ndani na nje, ili usirudi mwakani.

Kazi hiyo inachukua siku tatu au nne. Nondo tatu za ujenzi na vijiti kumi vya kuchomelea vinachukua saa tatu. Kwa nje, baada ya kupigwa rangi nyeusi, huwezi kuzitofautisha. Milango yote inafunga. Tofauti itajulikana siku ya kugongana, wakati kizingiti kilichoimarishwa vizuri kinabaki kati ya chuma na miguu ya abiria, na kile cha nondo kinakunjika na kuingia ndani.

Nani anamjua fundi mzuri?

Hapa ndipo napotaka tugombane kidogo.

Tunapenda kusema dawa ni kupiga marufuku magari chakavu. Sawa, lakini mama mwenye mgonjwa Nyakahura hawezi kusubiri gari jipya. Magari haya yataendelea kutembea, na yataendelea kuchomelewa. Swali la kweli ni nani anachomelea, na nani anajua kazi yake ni nzuri.

Kwa sasa hajulikani. Ukaguzi wa pembeni ya barabara unaangalia taa, matairi, bima na stika. Haulali chali chini ya gari na kugonga vizingiti kwa nyundo. Fundi wa siku tatu na fundi wa saa tatu, mbele ya sheria, wote ni gereji bubu. Na mbele ya mteja, yule wa siku tatu ni ghali tu. Ukiutendea ujuzi mzuri na mbaya sawasawa kwa muda mrefu, mbaya ndio unaoshinda, maana ndio wa bei rahisi. Kile kiraka cha tatu kimewekwa na soko lisilojua kuuliza maswali.

VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kurudishwa darasani miaka mitatu. Mafundi wa bodi na chesisi wa Nyakanazi, Lusahunga, Benaco na Kabanga ndio hasa watu wa utaratibu huo. Na mwenye cheti apewe kazi ya kuthibitisha kwa maandishi kila gari la abiria lililochomelewa chini, kwa jina lake. Fundi akijua jina lake lipo kwenye karatasi, atapima kabla ya kuwasha mashine.

Umeme sasa si kisingizio. Gridi ya taifa imefika Nyakanazi, na pale Rusumo, kwenye mto ule ule uliobeba maiti mwaka 1994, kuna mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Daraja jipya lipo tangu mwaka 2014. Nguvu ya kuchomelea ipo, chuma kipo, na wazee waliojifunza kupima bado wapo, ila hawatakuwepo milele. Yule wangu ana vijana wawili tu, na mmoja anataka kwenda kuendesha bodaboda.

Kwa leo naishia hapa. Wewe unayetaka kununua gari lililotumika, peleka jeki na mwenzako wa kuangalia milango, na nyundo ndogo. Wewe unayesafiri, uliza gari lilichomelewa na nani. Na kama mzee wako aliendesha barabara ya Rusumo miaka ile, mkalishe chini umuulize, kisha andika anachokwambia, maana mafundi hawa hawajaandika kitu.